Nani Mwingine Alipita Hapa? Makumbusho ya Ujiji na Kwihara na Ujenzi wa Taifa

Makumbusho mawili yanayojulikana zaidi katika upande wetu wa magharibi, ya Ujiji mkoani Kigoma na ya Kwihara nje kidogo ya mji wa Tabora, yote yapo kwa sababu ya mtu mmoja aliyepita njia. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alikutana na Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, pale Ujiji mwaka 1871, chini ya mwembe ambao wenyewe ulikwisha kufa zamani ingawa miembe iliyotokana nao bado inatoa kivuli mahali pale pale. Februari 1872 wawili hao walifika Kwihara, wakakaa katika tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa. Mwezi Machi Stanley akashika njia ya kurudi pwani, na Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri watu na mizigo. Tembe hilo, lililojengwa upya baadaye, ndilo tunaloliita makumbusho hivi leo. Ujiji nako, ndani ya jengo, zimesimamishwa sanamu mbili za Wazungu wakisalimiana kwa kuvua kofia.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Tabora, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiwapeleka wanafunzi Kwihara. Sina ugomvi wowote na Livingstone. Maandishi yake kuhusu mauaji aliyoyaona Nyangwe, katika Kongo ya leo, mwaka 1871, watu wasio na hatia wakipigwa risasi sokoni, yaliamsha hasira Uingereza na kuongeza nguvu ya madai ya kulifunga soko la watumwa la Zanzibar, ambalo lilifungwa mwaka 1873. Mtu wa namna hiyo anastahili kukumbukwa. Ninachotaka kukizungumza ni kingine: watoto wetu wanatoka katika nyumba zile wakiwa na majina mawili vichwani mwao, na yote mawili ni ya wageni. Taifa linalojijenga kwa makumbusho haliwezi kutosheka na hilo.

Tuanze na watu waliokuwamo katika kisa hicho hicho cha Livingstone. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha chifu Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenziwe wa safari, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walikuwa na kila sababu ya kumzika papo hapo na kwenda zao. Badala yake walimzika moyo na viungo vya ndani chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, kisha wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Walifika pwani Februari 1874. Chuma huyo alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto. Katika msafara walikuwamo wanawake pia, mmoja wao Halima, mpishi, ambaye Livingstone mwenyewe alimsifu katika shajara yake.

Msafara ule ulipita Kwihara. Mwezi Oktoba 1873 ulimkuta hapo afisa wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapa hapa Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walikataa. Walipofika Kasekera na kuona kwamba wenyeji hawatakubali maiti ipitishwe katika nchi yao, walitengeneza furushi la uongo la mabua, wakalivika nguo kama maiti, wakawatuma watu walirudishe Unyanyembe kana kwamba wamekubali kwenda kuzika. Na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na mzigo wa vitambaa, wakaendelea na safari. Kila ninapowasimulia wanafunzi kisa hiki, darasa hunyamaza, kwa sababu wanaona kwa mara ya kwanza kwamba watu waliodhaniwa kuwa watumishi tu walikuwa na mpango wao, maamuzi yao na akili ya kuwazidi wote waliokutana nao njiani. Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Kati ya waliombeba, aliyekuwapo siku ya mazishi ni Wainwright. Susi na Chuma walifikishwa Uingereza baada ya mazishi kwisha.

Hao walau tunawajua kwa majina, kwa sababu walikuwa karibu na watu walioandika. Maelfu ya wengine waliotembea njia ile kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji hawakuandikwa na mtu. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Upagazi ulikuwa kazi ya watu huru, kazi ya ujira na ya heshima, ambayo kijana wa Kinyamwezi alikuwa akiifanya ili ahesabiwe kuwa mwanamume. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa na uzito wa karibu kilo 30, na mara nyingine zaidi: pembe ya ndovu begani, mtumba wa nguo kichwani, au koili za waya na shanga zilizogawanywa katika ncha mbili za mti. Juu ya hayo mpagazi alibeba mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Huyu ndiye aliyeijenga njia, na baada yake reli ikapita karibu kule kule alikopita yeye: ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ningependa mtu anayeingia Kwihara akutane kwanza na mzigo wa kilo 30, aruhusiwe kuuinua, atembee nao hatua mia moja uani, kisha ndipo aambiwe ni nani aliyelala katika chumba gani.

Kwa nini jambo hili liitwe ujenzi wa taifa, wala si utalii tu? Ghana ilifungua makumbusho yake ya taifa tarehe 5 Machi 1957, siku moja kabla ya uhuru. Viongozi waliokuwa na mambo mengi ya kufanya usiku ule waliona kwamba bendera haitoshi. Palihitajika pia nyumba ambamo Mfante, Mwashanti na Mdagomba wataingia na kuambiwa kuwa vyote hivi ni vyenu. Sisi tulirithi nyumba iliyojengwa kwa nia nyingine. Makumbusho ya Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na kazi ya kuyageuza yawe Makumbusho ya Taifa ilibaki juu yetu baada ya uhuru. Ilifanyika kwa hatua, na baadhi ya hatua hizo zilikuwa za busara sana. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa na Mary Leakey katika Bonde la Olduvai Julai 1959, likawekwa pale. Kijiji cha Makumbusho kikaanzishwa huko huko Dar es Salaam katika miaka ya 1960, ambapo msonge wa Kihaya, nyumba ya duara ya nyasi, na tembe la Kigogo vimesimama katika uwanja mmoja. Ukumbi wa Arusha ambamo TANU ilikutana mwaka 1967 ukafanywa Makumbusho ya Azimio la Arusha mwaka 1977. Songea ikapata Makumbusho ya Majimaji, Butiama ikapata ya Mwalimu Nyerere.

Kijiji cha Makumbusho ndicho kinachonifundisha zaidi kuhusu jambo hili. Mtoto wa Kihaya aliyezaliwa Kinondoni huenda hajawahi kuingia katika msonge, na mtoto wa Kigogo vivyo hivyo kwa tembe. Lakini faida kubwa haipo kwa Mhaya kuuona msonge wa babu zake, ingawa hilo nalo ni zuri. Faida kubwa ipo kwa Mhaya kuingia katika tembe la Kigogo, akainama mlangoni, akaona jinsi paa la udongo lilivyobebwa na nguzo, akaelewa kuwa watu wa nchi kavu yenye miti michache waliutatua ugumu wao kwa akili. Kutoka hapo tembe lile linakuwa lake pia. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 haiwezi kudumu kwa kuvumiliana peke yake. Inahitaji watu waione historia ya jirani kuwa sehemu ya historia yao, nayo ni kazi ambayo kitabu cha darasani hakiwezi kuifanya vizuri kama kitu kinachoonekana na kuguswa.

Huku kwetu, historia ya namna hiyo ipo tele, na nyingine ni ngumu. Mnywa Sele, mtemi (yaani mtawala) wa Unyanyembe, aliwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu waliofanya makao hapa; mwaka 1860 wakamwondoa kwa silaha na kumweka Mkasiwa badala yake, na Mnywa Sele akapigana nao porini hadi alipouawa mwaka 1865. Mirambo aliunganisha temi nyingi ndogo kuwa dola moja kutoka Urambo, akaifunga njia ya misafara mwaka 1871 na kuvishinda vikosi vya wafanyabiashara wa Tabora, ambavyo Stanley mwenyewe alikuwa upande wao kabla ya kuamua kuzunguka kusini kwenda Ujiji. Mirambo alifariki mwaka 1884. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alivizuia vikosi vya Kijerumani zaidi ya mara moja. Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa, alilipua ghala lake la baruti akiwamo ndani ili asikamatwe mzima.

Jina la Mirambo limeandikwa kwenye kibao cha shule na cha kambi hapa mjini, na Dar es Salaam kuna mtaa unaoitwa kwa jina lake. Nikiwauliza vijana alifanya nini, wengi hunijibu kwamba alikuwa chifu. Na pale anapotajwa kwa kirefu, hutajwa kwa sifa peke yake. Hapa naona makumbusho yana kazi ambayo sanamu ya barabarani haina. Mirambo alikuwa mjenzi wa dola, na dola hiyo ilijengwa kwa rugaruga, vijana wa vita walioteka vijiji, kuchoma maghala na kuchukua mateka. Wapo wazee wa jamii za jirani ambao katika masimulizi yao jina hilo ni la kutisha. Chumba cha makumbusho kinaweza kuyaweka masimulizi yote mawili ukuta kwa ukuta: ramani ya eneo lake na mbinu zake za vita upande mmoja, na simulizi za waliomkimbia upande mwingine. Sioni kwamba hilo litampunguzia hadhi. Raia aliyezoezwa kumtazama shujaa wake kwa macho mawili hatadanganywa kirahisi na kiongozi wa leo.

Ugumu wa Ujiji ni mkubwa zaidi. Mji ule ulikuwa kituo cha pembe na cha watumwa. Waliovushwa ziwa kutoka Kongo wakiwa wamefungwa walitua pale, na wajukuu wa baadhi yao, pamoja na wajukuu wa waliowavusha, ni majirani leo, wanaoana, wanazikana, wanaswali msikiti mmoja. Wamanyema wa Ujiji na wa Tabora wanatokana na historia hiyo kwa njia tofauti: wengine walikuja wakiwa mateka, wengine wafuasi wenye bunduki wa wafanyabiashara, wengine wafanyabiashara wenyewe. Ni jambo ambalo familia hulizungumza kwa sauti ndogo, au halizungumzwi kabisa. Njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, imekuwa katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, na vituo vyake ni pamoja na Ujiji na Kwihara. Ili orodha hiyo iwe na maana kwa watu wa Ujiji wenyewe, makumbusho lazima yawe mahali ambapo mtu anaweza kusema bibi yangu aliletwa hapa akiwa mtoto, bila ya kuogopa kwamba kesho atatukanwa kwa hilo mtaani. Hilo halipatikani kwa kuandika bango. Linapatikana kwa mwongozaji aliyefundishwa, anayeujua mji na anayejua lini anyamaze.

Yupo shangazi yangu huko Urambo ambaye ana jembe la chuma la zamani, bamba pana lenye umbo kama la moyo na mkia mrefu wa kuchomeka katika mpini, lililofuliwa na wahunzi wa Kinyamwezi kabla ya majembe ya dukani kuingia. Lilikuwa sehemu ya mahari ya bibi yake. Analihifadhi sandukuni, limefungwa katika kipande cha kanga iliyochakaa, na ukilishika unahisi alama za nyundo upande mmoja, wakati upande mwingine umelainika kabisa kana kwamba limepitishwa mikononi kwa miaka mingi bila ya kulima. Majembe ya namna hii yalikuwa yakiuzwa na kubadilishwa katika soko la Tabora, yalilipwa mahari, na yalisafirishwa mbali. Nilimwomba afikirie kulitoa lihifadhiwe mahali ambapo watu wengi wataliona. Alinisikiliza kwa utulivu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, wakilichukua, pale chini yake wataandika jina la nani?"

Swali lake nimelibeba tangu siku ile, kwa sababu linagusa kiini cha jambo. Vitu vingi vilivyokusanywa zama za ukoloni viliandikiwa jina la afisa aliyevileta, mwaka alioviorodhesha, na kabila. Mfua chuma hana jina. Aliyeolewa kwa jembe lile hana jina. Kwa hiyo mtu wa kawaida anayetazama makabati yale anajifunza, bila ya kuambiwa, kwamba kutengeneza kitu si jambo la kukumbukwa, kukichukua ndilo. Makumbusho yanayotaka kujenga taifa yanaweza kuanza kulirekebisha hili bila ya fedha nyingi: chini ya kila kitu kinachopokelewa leo pawepo jina la aliyekitoa kwa ridhaa yake, la aliyekitumia, na la fundi kama linajulikana, na familia ipewe karatasi inayosema kitu hiki ni chao, kimeazimwa kwa muda fulani. Shangazi hakukataa. Alisema akiona karatasi ya namna hiyo atafikiri.

Na kuna vitu ambavyo havihitaji hata kabati. Uvinza, katikati ya njia ya Kigoma, chumvi imekuwa ikichemshwa kutoka katika chemchemi kwa zaidi ya miaka 1,000, na wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya majiko na vyungu vya kuithibitisha hiyo kazi. Waha, Wavinza, Wanyamwezi na watu wa ng'ambo ya ziwa walikutana pale kwa ajili ya chumvi kabla ya msafara wowote wa kutoka pwani kufika. Nikitafuta mahali pa kumwonyesha mwanafunzi kwamba watu wa nchi hii walikuwa na uhusiano wao wenyewe kabla ya mipaka kuchorwa, sipati pazuri kuliko Uvinza, na chumvi yenyewe bado inauzwa sokoni.

Kigoma ina kitu kingine ambacho ni makumbusho tosha, nacho ni meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, waliizamisha wenyewe, injini zikiwa zimepakwa grisi nzito ili zisiharibike. Iliibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya. Majina ya mafundi watatu wa Kijerumani waliotumwa kuisimamia kazi ya kuiunganisha yanajulikana na yamechapishwa: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Lakini watu watatu hawapakui makasha ya meli nzima wala hawapigi ribiti zake zote. Waliofanya kazi hiyo walikuwa mamia ya vibarua wa Kiafrika, na wajukuu wao bado wanaishi Kigoma, Mwanga, Gungu na Ujiji. Bado inawezekana kuzunguka katika mitaa hiyo na kinasa sauti, kuuliza ni nani aliyesimuliwa na babu yake habari za meli. Kila mzee anayeondoka anaipunguza nafasi hiyo, na ndiyo maana naliona jambo hili kuwa la haraka kuliko kujenga jengo jipya.

Suala la vitu vilivyoko nje ya nchi haliepukiki. Makumbusho ya Berlin peke yake yana maelfu mengi ya vitu kutoka Tanzania, na miongoni mwake kipo kiti cha enzi cha Kinyamwezi chenye mgongo mrefu uliochongwa umbo la binadamu, kilichotoka katika eneo letu hili la Unyanyembe mwishoni mwa karne ya 19. Picha yake imo katika vitabu vingi vya sanaa ya Afrika. Naamini kinapaswa kurudi, na naamini hivyo kwa moyo wote, kama fuvu la Mkwawa lilivyorudishwa Kalenga mwaka 1954. Lakini tuwe wakweli kuhusu maandalizi. Tabora ni nchi ya mchwa. Mti uliochongwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita unahitaji chumba kikavu, chenye sakafu isiyopitisha wadudu, chenye mtu anayekikagua kila wiki na kujua anachokitafuta. Anayetaka kiti kile kirudi aanze leo kuomba vijana wa Tabora wasomeshwe kazi ya uhifadhi, ili siku kitakapoletwa kisiishie Dar es Salaam kwa hoja kwamba huku hakuna wa kukitunza.

Nimeliacha hadi sasa jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote yaliyotokea katika mji huu, na ambalo halina pembe wala jembe la kuonyesha. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka sharti kwamba katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kila mpiga kura achague wagombea watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na mwenye haki ya kupiga kura awe na kipato, elimu au cheo fulani. Wajumbe wengi walikuja wakiwa wameazimia kuususia uchaguzi huo, na hasira yao ilikuwa ya haki. Nyerere, ambaye aliujua mji huu tangu alipoingia Shule ya Tabora mwaka 1937 na baadaye akafundisha hapa katika Shule ya St. Mary's, alisimama upande wa kushiriki. Mjadala ulikuwa mkali; hatimaye mkutano ulikubali kura tatu, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda. Hapa Tabora tunaliita tukio hilo Uamuzi wa Busara.

Namna ya kulionyesha tukio kama hili ndiyo kipimo cha makumbusho ya taifa. Rahisi ni kutundika picha ya Mwalimu na maneno ya sifa. Vigumu, na vyenye manufaa, ni kumweka mgeni katika kiti cha mjumbe: apewe masharti ya kura kama yalivyokuwa, aambiwe kipato kilichotakiwa, aone kwamba baba yake au mama yake asingeruhusiwa kupiga kura, asikie hoja za waliotaka kususia zikitolewa kwa nguvu zake zote, kisha aulizwe yeye angeamua nini. Nimejaribu zoezi hilo darasani kwa karatasi tu na ubao. Wanafunzi hugawanyika, hubishana hadi kengele inapolia, na mara nyingi waliosusia huwa wengi. Hapo ndipo wanapoelewa kwamba uhuru wa nchi yao haukuwa umepangwa tayari, ulikuwa ni maamuzi ya watu waliokuwa na shaka na waliosikilizana hata hivyo. Mtemvu naye ana haki ya kuwamo katika chumba hicho, kwa jina na kwa hoja yake.

Kwa upande wangu, pamoja na walimu wenzangu wachache wa historia, tumeanza na jambo dogo lililo ndani ya uwezo wetu. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anapokwenda likizo anapewa karatasi yenye maswali machache ya kumuuliza mtu mzima kuliko wote katika ukoo wake: nani katika ukoo aliwahi kubeba mizigo kwenda pwani, nani alifanya kazi ya reli, nani alikuja kutoka ng'ambo ya ziwa na kwa sababu gani, na je, kuna kitu chochote kilichobaki nyumbani. Kitu hakichukuliwi, kinapigwa picha pale kilipo, kwa ruhusa, na majina yanaandikwa kama mzee alivyoyatamka. Kama u mtu wa Tabora au Kigoma na una mzee wa namna hiyo nyumbani, nakuomba umketishe umuulize maswali hayo hayo, uandike tarehe na mahali, na nakala moja uipeleke kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, nyingine ubaki nayo mwenyewe.